Sarafu Kumi za Uji: Funzo la zawadi kutoka nchi ya michezo

Shule zinapofungwa na sikukuu zinapobisha hodi, kila mtoto wa mjini huwa na orodha yake. Zamani orodha hiyo ilikuwa fupi na ya kueleweka: nguo mpya, viatu, mpira, na baiskeli kwa yule aliyejaliwa. Siku hizi mtoto wa miaka kumi hukujia bila haya akakwambia kuwa anataka Robux, au V-Bucks, au mchezo mpya wa kandanda ambao wenzake wote, kwa maneno yake, tayari wanao. Ukimwuliza hizo Robux ni kitu gani, atakujibu kuwa ni pesa. Ukimwuliza ziko wapi uzione, atakuonyesha tarakimu kwenye kioo cha simu.

Naam, Robux ni sarafu za mchezo uitwao Roblox, na V-Bucks ni za Fortnite. Hununuliwa kwa pesa za kweli, kisha mtoto akazitumia kumvisha mhusika wake mavazi, kumfunza mitindo ya kucheza ngoma, au kujipatia silaha na vyombo vya humo mchezoni. Zikishanunuliwa, kwa kawaida huwezi kuzirudisha ukapewa shilingi zako.

Hapo wazazi hugawanyika pande mbili. Wako wanaotoa tu, wakisema kuwa mtoto akililia wembe mpe. Wako nao wanaokataa katakata, wakiona kuwa huo ni wizi wa mchana. Kabla hujachagua upande, hebu tufunge safari hadi Japani, nchi ambayo kampuni zake za Nintendo, Sega na Sony ziliingiza michezo hii katika sebule za dunia nzima. Wenyeji wa huko wamelipitia jambo hili miaka mingi kabla yetu, na anayetembea ndiye aonaye.

MJI WA UMEME

Safari ya mpenda michezo huanzia Akihabara, mtaa wa jiji la Tokyo ambao wenyeji huuita Mji wa Umeme. Ukishuka katika kituo cha gari la moshi na kutokea upande wa maduka, macho yatakosa pa kutua. Majumba marefu yamefunikwa kwa picha za katuni kutoka chini hadi juu, taa za rangi zinamemeteka hata mchana, na kila mlango una muziki wake. Ukibahatika kufika Jumapili alasiri utakuta barabara kuu ya Chuo-dori imefungiwa magari, na watu wanatembea katikati yake kama wako uwanjani.

Mtaa huu haukuanza na michezo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wachuuzi walikuwa wakiuza vipuri vya redio hapa, kwenye vibanda vilivyobanana chini ya reli. Baadhi ya vibanda hivyo vingalipo hata leo, vikiuza nyaya, swichi na taa ndogo ndogo. Ikiwa umewahi kupita Luthuli Avenue jijini Nairobi ukitafuta spika au waya wa runinga, utajihisi nyumbani kidogo. Kutoka redio mtaa ulihamia runinga na majokofu, kisha kompyuta, na hatimaye michezo ya video.

Nguvu ya michezo hiyo juu ya watoto ilidhihirika Jumatano, tarehe 10 Februari 1988, mchezo wa Dragon Quest III ulipoanza kuuzwa. Foleni zilizunguka maduka, na miongoni mwa waliopanga foleni walikuwamo watoto waliopaswa kuwa darasani. Jambo hilo lilizua kelele nchini kote. Toleo la nne la mchezo huo lilipokuja, tarehe 11 Februari 1990, lilitolewa siku ya Jumapili.

Ingia sasa katika maduka ya michezo iliyotumika, ambayo ndiyo fahari ya Akihabara. Rafu kwa rafu zimepangwa kanda za plastiki za mashine ya Famicom, ile iliyotolewa na Nintendo mwaka 1983 kwa bei ya yeni 14,800. Nyingine bado zina jina la mtoto lililoandikwa kwa kalamu nyuma yake. Mtoto huyo pengine sasa ni babu, lakini mchezo wake ungali unacheza na una bei.

Hapa, ewe mzazi, jifunze jambo la kwanza. Mchezo uliomo ndani ya kanda au diski ni mali. Mtoto anaweza kumwazima jirani, kubadilishana na binamu, kumrithisha mdogo wake, au kuuza achange pesa za kununua mwingine. Sarafu za mchezoni hazina duka la mtumba. Aidha, angalia vyema hata kadi za siku hizi: baadhi ya zile za Nintendo Switch 2, mashine iliyotoka Juni 2025, hazina mchezo wenyewe ndani yake. Hubeba ufunguo tu, na mchezo sharti upakuliwe kutoka kwenye intaneti. Kwa nyumba inayonunua data kwa kupima, hilo ni gharama juu ya gharama.

Tazama pia herufi iliyoandikwa kwenye pembe ya kasha. Tangu mwaka 2002 shirika la CERO huko Japani limekuwa likipima michezo kwa umri: A ni kwa wote, B ni miaka 12 kwenda juu, C ni 15, D ni 17, na Z ni watu wa miaka 18 na zaidi pekee. Anayemnunulia mtoto wa darasa la tatu mchezo wa herufi Z kwa kuwa picha yake inapendeza atakuwa amempa wembe kwelikweli.

GACHA! PON!

Usiondoke Akihabara kabla hujafika mahali penye mashine za vijidude. Ni visanduku vilivyopangwa kwa mamia, kimoja juu ya kingine, kila kimoja kimejaa vidude vya mviringo vya plastiki. Unatia sarafu, unazungusha mkono wa mashine, nao unalia gacha, gacha. Kidude kinaanguka, pon! Ndani yake mna mwanasesere mdogo, au paka aliyevaa kofia, au kijibakuli cha tambi kisichozidi ukucha. Hujui utapata kipi mpaka ukifungue. Wajapani huziita gachapon.

Kwa yeni 100 hadi 500 huo ni mzaha usio na madhara, maana yeni 100 hazifiki shilingi 100 zetu. Tena sarafu zikiisha mfukoni, mkono wa mashine haugeuki. Lakini watengenezaji wa michezo ya simu waliichukua fikra hii wakaitia ndani ya kioo, ambamo mkono wa mashine hauchoki na mfuko hauonekani. Mtoto hulipa, hufungua sanduku, hukuta asichokitaka, hulipa tena. Mwaka 2012 Shirika la Masuala ya Wateja la Japani lilisimama na kusema kuwa mtindo mmoja wa gacha, ule wa kumlazimu mchezaji akusanye vitu kadhaa vya kubahatisha ndipo apewe tuzo kubwa, unavunja sheria. Kampuni ziliuacha.

Wala tusidhani hayo ni ya Japani peke yake. Mnamo Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye mchezo wa Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 nchini Marekani katika kesi iliyoletwa na tume ya serikali inayolinda wateja. Kati ya hizo, dola milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja pesa zao. Tume ilidai kuwa vitufe vya mchezo vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu wanunue bila kukusudia, na kwamba watoto waliweza kutumia kadi za benki za wazazi wao bila mzazi kuombwa idhini.

Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Hatari ya sarafu hizi haiko katika ukubwa wa bei. Iko katika wepesi wa kulipa, na katika kufichika kwa hesabu. Mtoto akiona kofia ya mhusika inauzwa sarafu 800, hazioni shilingi zilizotoka mfukoni mwa mama.

BAHASHA YA MWAKA MPYA

Kando ya barabara, msomaji, ingia katika mojawapo ya maduka madogo yasiyofungwa usiku wala mchana. Karibu na soda na mikate utaona ukuta wa kadi zinazoning'inia: za Nintendo, za Apple, za Google Play. Zinafanana na kadi za kredo tunazokwaruza huku kwetu. Keshia akishaipitisha kwenye mashine yake, kadi inapata uhai, na nyuma yake mna nambari ya siri ya kukwaruza.

Kadi hizi huuzwa mwaka mzima, ila kuna msimu ambao watoto wana pesa zao wenyewe za kuzinunulia. Mwaka mpya unapoingia, Wajapani huwapa watoto otoshidama, yaani pesa zilizotiwa katika bahasha ndogo zenye mapambo. Hutoa wazazi, babu na bibi, wajomba na mashangazi, na adabu hutaka noti ziwe mpya. Mtoto mdogo hupewa kidogo, mkubwa akaongezewa. Msomaji wa Mombasa au Lamu hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwani huo ni mkono wa Idi kwa lugha nyingine.

Tofauti ya bahasha na kadi ya benki iliyounganishwa na simu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Bahasha ina mwisho. Mtoto huihesabu, huifunga, huifungua tena, hulala nayo chini ya mto, na kesho yake huamua. Akinunua kadi ya mchezo ya yeni 1,000, anaona bahasha inavyopungua. Hiyo ndiyo sehemu ya zawadi inayomkuza mtoto, na ndiyo sehemu tunayoiondoa tunapoandika nambari za kadi yetu ya benki kwenye simu yake na kumwambia, "Haya, nunua."

Tahadhari moja kwa wewe mwenye jamaa anayerudi kutoka ng'ambo: usimwagize kadi ya Nintendo ya yeni. Kadi hizo hufanya kazi kwenye akaunti za nchi zilikouzwa. Shangazi atafika uwanja wa ndege na furaha tele, na mtoto ataingiza nambari mara tatu huku kioo kikikataa.

KARUTA NA KARATA

Sasa tupande garimoshi la kasi, Shinkansen, linaloelekea magharibi. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1964. Kutoka Tokyo hadi Kyoto ni zaidi ya kilomita 450, umbali unaokaribia ule wa Nairobi hadi Mombasa, na treni zenye kasi zaidi huukata kwa muda wa saa mbili na robo hivi. Hewa ikiwa safi, Mlima Fuji utakupungia mkono dirishani upande wa kulia.

Kyoto ni mji wa mahekalu na vichochoro vya utulivu, na ndiko Nintendo ilikozaliwa. Wengi hushangaa kusikia kuwa kampuni hii ilianzishwa mwaka 1889, kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa Mombasa. Mwasisi wake, Fusajiro Yamauchi, alikuwa akitengeneza karata. Zilikuwa za aina iitwayo hanafuda, karata 48 zenye picha za maua na mimea ya miezi 12 ya mwaka.

Wajapani huita karata karuta. Ndiyo, umesikia vyema. Mabaharia Wareno waliofika Japani katika karne ya 16 waliliacha neno lao carta huko, na Wareno wa karne hiyo hiyo, waliojenga Ngome ya Yesu, waliliacha kwetu pwani. Neno moja likashuka katika bandari mbili zilizo mbali, na katika zote mbili likawa jina la mchezo.

Ofisi za zamani za kampuni hiyo, jengo la mwaka 1930 karibu na mto Kamo, zimekuwa hoteli iitwayo Marufukuro tangu mwaka 2022. Unaposimama nje yake kumbuka kuwa wacheza kamari walikuwa miongoni mwa wateja wa hanafuda. Mchezo na kamari vimekuwa majirani tangu kale, na ukuta baina yao hujengwa na watu wazima.

SARAFU KUMI

Kusini mwa Kyoto, mwendo mfupi wa treni, uko mji wa Uji. Mkenya atapapenda kwa sababu moja ya haraka: ni nchi ya chai. Chai ya Uji ni ya kijani, na nyingine husagwa ikawa unga laini unaokorogwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi. Haina maziwa wala sukari, kwa hiyo jiandae.

Katika mtaa wa Ogura mjini humo kulikuwa na kiwanda cha Nintendo kilichojengwa mwaka 1969. Kiwanda hicho kimegeuzwa kuwa makavazi, yaliyofunguliwa tarehe 2 Oktoba 2024. Huwezi kufika tu ukakata tiketi mlangoni. Huombwa mapema na kupatikana kwa kura. Makavazi yalipofunguliwa, mtu mzima alilipa yeni 3,300, na mtoto wa shule ya msingi yeni 1,100.

Orofa ya juu ni historia: karata, vitu vya kuchezea vya plastiki, Game & Watch ya mwaka 1980, Famicom, Game Boy ya mwaka 1989, hadi mashine za miaka hii. Utaona wazazi wakinyoosha vidole kwa msisimko kuliko watoto wao. Utaona pia Ultra Hand, mkono wa plastiki wa kurefuka uliobuniwa na Gunpei Yokoi mwaka 1966 na kununuliwa kwa wingi mno, bila umeme wala kioo.

Lakini kilichotuleta Uji kiko orofa ya chini, yenye michezo ya kujaribu. Kila mgeni, awe tajiri au mwanafunzi, hupata sarafu kumi ndani ya kadi yake ya kuingilia. Hazishikiki, kama zilivyo Robux. Michezo mingine hudai sarafu moja, mingine zaidi, na ukijumlisha bei zote utaona kuwa kumi hazitoshi kuizungukia yote. Na huwezi kununua nyingine. Ukija na pochi iliyofura noti, sarafu zako ni kumi, zikiisha zimeisha.

Fikiri hilo linamfanyia nini mtoto. Hawezi kurukia mchezo wa kwanza anaouona. Inambidi azunguke, atazame wengine wakicheza, aulize bei, apige hesabu. Je, atumie nyingi kwenye ule wa kulenga shabaha kwenye kioo kikubwa, ama ajaribu mitatu midogo? Dada anataka huku, kaka anataka kule. Hapo utasikia mazungumzo ambayo kila mzazi angependa kuyasikia nyumbani kwake.

Kuna la ziada. Mmojawapo wa michezo hiyo una vidhibiti vikubwa kupita kiasi, na huhitaji watu wawili. Mmoja anashughulikia mwelekeo, mwingine vitufe. Baba anasukuma, binti anabonyeza, mhusika anatumbukia shimoni, wote wanacheka na kulaumiana. Sarafu zimetumika, kumbukumbu imebaki.

Tazama kinaya chake, msomaji. Kampuni iliyo na uwezo wa kuuza sarafu bila kikomo, ndani ya nyumba yake yenyewe, imechagua kumpa mtoto sarafu chache zenye mwisho, na mchezo wa kushirikiana na mtu wake.

TUYABEBE NYUMBANI

Basi Desemba hii, mwanao au mpwa wako akiomba sarafu za mchezoni, huna haja ya kumfukuza. Mpe sarafu kumi za Uji. Nina maana hii: taja kiasi mapema, kwa shilingi, mbele yake. Kikiwa ni shilingi 500, mwonyeshe noti ya 500 kabla haijageuzwa kuwa tarakimu. Nunua kadi ya zawadi yenye kiasi hicho, au lipa wewe mwenyewe mara moja. Usiiache kadi yako ya benki ndani ya simu, na nambari yako ya siri ya M-Pesa isijulikane na mtoto, hata awe mwerevu kiasi gani. Weka neno la siri kwenye duka la programu ili kila ununuzi ukuulize kwanza.

Kisha mpe siku tatu za kuzunguka kabla ya kutumia. Mwulize anachotaka kununua, na kama atakuwa anakitaka bado mwezi Februari. Akikwambia kuwa ni sanduku la kubahatisha asilojua kilichomo, mkumbushe gacha na pon. Mwonye pia kuhusu wale wanaoahidi Robux za bure kwa kumwomba neno lake la siri. Hakuna Robux za bure, na atakayeibiwa ni yeye. Zikiisha, zimeisha. Kilio cha siku moja kina faida kuliko deni la mwaka.

Ikiwa unaweza kuchagua kati ya sarafu na mchezo mzima, mara nyingi mchezo mzima ni zawadi bora, hasa ule wa diski au kanda unaochezwa na wawili kwenye kiti kimoja. Nawe ukae hapo. Mtoto hufurahia kumshinda mjomba wake kuliko kumshinda mgeni asiyemjua wa nchi ya mbali.

Na ukibahatika kufika Uji, nenda mpaka Byodo-in, hekalu ambalo ukumbi wake wenye kioo cha maji mbele ulikamilika mwaka 1053. Ukiutazama vizuri, toa mfukoni sarafu ya yeni 10, ile ya rangi ya shaba. Ukumbi huo huo umechorwa juu yake. Haifiki shilingi 10 zetu kwa thamani. Mletee mtoto hiyo pamoja na chochote kingine utakachomnunulia, umtie kiganjani, umwambie: hii ndiyo pesa, ina uzito, ina sura, na ukiitoa inaondoka.